Kutoka Kibubu hadi Simu: Historia ya Kuwafunza Vijana Matumizi ya Fedha Tanzania

Malezi ya matumizi ya fedha, yaani kumzoeza kijana kupanga, kuchagua na kutoa hesabu ya alichopewa, yana umri wa karne moja na kitu katika sehemu kubwa ya Tanzania. Pwani ilizijua sarafu mapema zaidi. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba karne kadhaa kabla ya Wareno kufika, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Unguja walihesabu mali zao kwa riale za fedha za Maria Theresa na kwa rupia za Kihindi. Mwaka 1882 Sultani Barghash alitoa sarafu zenye jina lake. Bara, hata hivyo, fedha za namna hiyo zilikuwa chache na hazikufika mikononi mwa vijana.

Kijana wa bara alilelewa katika mali ya aina nyingine. Alikabidhiwa mbuzi au ndama, akachunga, akaona mifugo ikizaa, ikifa na ikikopeshwa kwa jirani. Katika mali hiyo alijifunza kutunza, kuvumilia na kukumbuka nani anadaiwa nini. Kutumia hakukuwa sehemu kubwa ya somo, maana mbuzi hauzwi robo, na uamuzi wa kuchinja, kuuza au kutoa mahari ulikuwa wa wazee. Wasichana walifundwa usimamizi wa chakula cha ghalani: kiasi gani kipikwe leo, kiasi gani kibaki hadi mavuno yajayo, na mbegu ipi haiguswi hata njaa ikibisha. Kama lipo somo la kale lililokaribia bajeti ya leo, ni hili la ghala, na walimu wake walikuwa wanawake. Pwani ya kaskazini ilikuwa na mafunzo kama hayo kwa maandishi. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, aliweka usimamizi wa nyumba pamoja na adabu na dini katika wosia mmoja.

Hali hiyo ilivunjwa na kodi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia na pesa zake mwaka 1890, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia moja ikawa heller 100. Kuanzia 1898 serikali ya Kijerumani ilidai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Mwanzoni iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini shabaha ilikuwa kuwasukuma watu watafute fedha taslimu. Waliotoka kwenda kuitafuta walikuwa hasa vijana: kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako zao hilo lilianza mwaka 1893, kwenye kahawa na mpira wa Usambara, na kwenye ujenzi wa reli ya kati uliotoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914.

Namna mshahara ulivyolipwa nayo ilikuwa shule ya aina yake. Mfanyakazi alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku aliyomaliza kazi yake iliwekwa alama, na kadi ilipojaa ndipo alipolipwa. Aliyeugua au aliyekosa kumaliza kazi ya siku hakupata alama, hivyo siku 30 za kipande ziliweza kuwa siku 40 au zaidi za kalenda. Kijana aliyekuwa hajawahi kushika fedha alijikuta ana rupia kadhaa mkononi kwa mara moja, akiwa mbali na baba, mama na mjomba, mbele ya duka la shambani lenye kanga, vitambaa, kofia, sigara na taa. Hakuna aliyekuwa amemfunza afanye nini. Wazee waliobaki nyumbani hawakuwa na uzoefu huo wenyewe, na mwenye shamba hakuwa na haja ya kumfunza. Hapo ndipo lilipoanza pengo ambalo linaonekana katika kila zama iliyofuata: fedha ilimfikia kijana kabla ya mafunzo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia waliongeza shinikizo hilo la kodi. Sheria ya kodi ya mwaka 1922 iliongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume mwenye nguvu asiye na nyumba, kuanzia umri wa miaka 16 hivi. Kwa sheria hiyo kijana mbichi alihesabiwa kuwa mlipaji, na fedha yake ya kwanza ikawa na mwenyewe kabla hajaipata. Shilingi ya Afrika Mashariki, yenye senti 100, ilikuwa imeshachukua nafasi ya rupia. Senti moja, senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, watu wakazitunga katika uzi na kuzivaa kiunoni au shingoni ili zisipotee. Kwa mtoto wa miaka ya 1930, sarafu hizo za tundu ndizo zilizokuwa fedha. Sumuni, yaani senti 50, ilikuwa ya watu wazima.

Shule kubwa kuliko zote ya wakati huo haikuwa na darasa. Ilikuwa kutumwa dukani. Mtoto alipewa senti kumi na chupa, akaambiwa alete mafuta ya taa ya kiasi fulani, chumvi ya kiasi fulani, na chenji. Alitembea akirudia maneno ya aliyemtuma ili asisahau. Dukani alitazama kipimo kinavyojazwa, akajifunza kutofautisha kibaba kilichojaa na kilichopunjwa, na akirudi alisimama mbele ya mama huku chenji ikihesabiwa senti kwa senti. Iliyopungua aliulizwa imeenda wapi. Kila kilichomo katika somo zuri la fedha kimo katika safari hiyo: kiasi chenye mpaka, bei inayojulikana, uwezekano wa kudanganywa, na mtu anayedai hesabu. Kwa bahati mbaya somo hilo lilikoma mapema mno. Mtoto wa miaka tisa alitumwa kila siku, lakini kijana wa miaka 16 aliona aibu kutumwa chumvi, na hapakuwa na kitu kikubwa zaidi alichokabidhiwa badala yake.

Serikali na misheni zilikuwa na maoni yao kuhusu fedha za vijana, na maoni hayo yalielekea upande mmoja: kuweka. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu inayogusa kilimo, afya na maisha ya nyumbani, na wizara ya makoloni ya Uingereza ikatoa mwongozo wa elimu wa namna hiyo mwaka uliofuata. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 chini ya idara ya elimu, liliwafikia wasomaji kwa Kiswahili na kuwapa mawaidha ya kila namna. Benki ya akiba ya posta, ambayo Kenya ilikuwa nayo tangu 1910, ilikuja Tanganyika katika miaka ya 1920. Mweka akiba alipewa kitabu kidogo. Kila alipoweka shilingi, karani aliandika kiasi, akatia sahihi na kugonga muhuri. Walimu, makarani na matarishi walikuwa wateja wake wa asili. Kwa kijana wa kijijini posta ilikuwa mbali, na akiba yake ilikaa katika kibubu.

Kibubu ni chombo kinachostahili kuangaliwa kwa karibu. Chaweza kuwa chungu cha udongo kisicho na mdomo, kopo lililofungwa, au kisanduku cha mbao kilichogongwa misumari pande zote, chenye mwanya mwembamba juu unaopitisha sarafu tu. Hakina kufuli wala ufunguo. Namna pekee ya kukifungua ni kukivunja, na kikishavunjwa hakiwezi kuwa kibubu tena. Ubora wake wote upo hapo. Huvunjwa kwa siku iliyotajwa tangu mwanzo, mara nyingi sikukuu ya Idi au Krismasi, mwanzo wa muhula au safari ya nyumbani. Kijana anayetumbukiza sarafu anajua anakusanyia nini, na asubuhi ya kuvunja anahesabu mwenyewe kisha anachagua mwenyewe. Ni katika kuvunja, kuliko katika kuweka, ndipo anapojifunza matumizi, kwa sababu fedha iliyokaa miezi sita humwuma mtu kuitoa.

Kipindi cha mazao ya biashara kiliongeza tatizo la msimu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika, KNCU. Usukumani wakulima wa pamba waliunda vyama vilivyoungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Fedha ya kahawa na pamba haiji kila mwezi. Huja mara moja kwa mwaka au kwa awamu mbili tatu, na lazima itoshe kodi, ada, nguo, chumvi na dharura hadi msimu mwingine. Katika kaya za Uchagani, ada ya shule ilikuwa tarakimu iliyojulikana na watoto wote, na kijana aliyekuwa akisoma alijua ni magunia mangapi yamekwenda kwa ajili yake. Alishiriki kuchuma, kumenya na kuanika, hivyo bei ya elimu yake ilikuwa na uzito wa kazi ya mikono yake. Ni vigumu kupata mafunzo ya fedha yaliyo wazi zaidi ya hayo, na huenda mchango wa ushirika katika jambo hili umesifiwa kidogo kuliko unavyostahili.

Baada ya uhuru mwelekeo uligeuka. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964. Mwanafunzi wa bweni alilishwa na kupewa vitabu na serikali, na fedha binafsi ikapungua umuhimu katika maisha yake. Swali la vijana na fedha likahamia katika siasa, na likalipuka tarehe 22 Oktoba 1966. Wahitimu wa elimu ya juu walikuwa wametakiwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na katika sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara wa kazi zao. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga. Rais Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, wakubwa wengine wakapunguziwa pia. Jibu lake lilikuwa somo la fedha mbele ya taifa zima: kijana aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima hana haki ya kudai kipato kinachozidi chao mara nyingi. Haki yake ilikuwa wapi hasa, watu waliendelea kubishana kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata ulikuja na Azimio la Arusha mwezi Februari na Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi. Shule zikawa na mashamba, mabanda ya kuku, bustani, karakana na maduka madogo ya ushirika. Nyerere alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kuamua mapato ya mradi yatumikeje, yawe ya kununulia vifaa, kuboresha mlo au kupanua shamba. Wazo hilo lilikuwa la thamani kubwa, na ni mara ya kwanza sera ya nchi kuweka uamuzi wa matumizi ndani ya mafunzo. Palipotekelezwa vizuri, wanafunzi walikuwa na mhazini wao, daftari la mapato na matumizi, na kikao cha kusomewa hesabu. Sehemu nyingi utekelezaji ulibaki upande wa jembe. Wanafunzi walilima, mazao yakauzwa, na hesabu ikaishia ofisini kwa mwalimu mkuu. Walijifunza kazi, wakakosa sehemu iliyokusudiwa kuwafanya wawe wenye mali. Azimio la Musoma la 1974 liliongeza sharti kwamba wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, hivyo kwa muda vijana wengi wa kike na wa kiume walionja mshahara wa kwanza wakiwa na miaka 20 au zaidi kidogo.

Kisha fedha yenyewe iliugua. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa zilitoweka madukani. Sukari, sabuni, unga na nguo vilipatikana kwa foleni na kwa mgao, au kwa walanguzi kwa bei ya mara kadhaa. Kijana aliyekulia miaka hiyo alijifunza kwamba kuwa na fedha si sawa na kuweza kununua, na kwamba kinachoonekana leo kinunuliwe leo. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban shilingi 17. Mwaka 1990 ilikaribia shilingi 200. Aliyekuwa ameweka shilingi katika kibubu au kitabu cha posta aliona akiba yake ikiyeyuka bila kosa lake. Waliofanya busara ni walionunua mabati, matofali, ng'ombe au vitenge. Mawaidha ya kuweka akiba yaliyorudiwa kwa miaka 60 yalipoteza nguvu, na ni haki kusema kwamba watu hawakuacha kuweka kwa sababu ya uvivu wa tabia. Kijana hafundishiki kungoja kwa kutumia fedha isiyongoja.

Mageuzi ya biashara yaliyoanza mwaka 1984 na kushika kasi wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi yalirudisha bidhaa, na kwa vijana bidhaa iliyobadilisha mambo ilikuwa mitumba. Kwa mara ya kwanza kijana wa familia ya kawaida aliweza kuchagua suruali kati ya mia, kupapasa kitambaa, kukagua zipu na kishikizo, na kupatana bei hadi ishuke nusu. Kariakoo, Memorial ya Moshi na masoko mengine ya mitumba yalikuwa vyuo vya ununuzi, ambako kijana aliyepita mara kadhaa bila kununua alikuwa akisoma. Wakati huohuo ada za shule zilirejea katikati ya miaka ya 1980, na fedha ikarudi kuwa jambo la kila siku kati ya mzazi na mtoto. Mwanafunzi wa bweni alisafiri na tranka, nauli na pesa ya matumizi. Shule nyingi zilitaka pesa hiyo ikabidhiwe kwa mlezi wa bweni, akaigawa kidogo kidogo kwa kuandika katika daftari. Utaratibu huo ulizuia wizi na ulafi wa wiki ya kwanza, lakini ulimwacha mwanafunzi bila nafasi ya kukosea kwa fedha ndogo, kosa ambalo lingemgharimu maandazi ya wiki mbili tu.

Masomo ya darasani yalisaidia kwa sehemu. Sekondari za Tanzania zilikuwa na michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, na wa biashara walifundishwa utunzaji wa vitabu vya hesabu, wa sayansikimu bajeti ya kaya. Waliobaki walikutana na fedha katika hesabu za faida na hasara, za mfanyabiashara anayenunua machungwa kwa bei fulani, kumi yakaoza, akauza yaliyosalia. Maswali hayo huchangamsha akili, lakini yanamtazama kijana kama muuzaji. Swali la mnunuzi, kama kitu hicho kinahitajika, kama kinaweza kungoja, kama kipo cha bei nafuu chenye kudumu, halikuwa na ukurasa wake.

Matokeo yalionekana pale fedha nyingi zilipowafikia vijana kwa mkupuo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na fedha ya chakula na malazi ikawa inamfikia mwanafunzi mwenyewe kwa awamu ndani ya mwaka wa masomo. Wanafunzi waliipa jina la bumu. Siku ya bumu inajulikana chuoni hata kwa asiyeuliza: foleni kwenye mashine za benki, simu mpya, viatu, chipsi kuku. Wiki za mwisho kabla ya awamu nyingine nazo zinajulikana, na wengi hupita kwa mkate na chai. Kijana wa miaka 20 anayepokea kwa mara moja fedha ya wiki nane yumo katika hali ileile ya mwenye kipande kilichojaa, na kwa kiasi kikubwa na maandalizi yaleyale. Waliojiwekea ulinzi walifanya hivyo kwa mila za nyumbani zaidi ya za shuleni: upatu wa wanafunzi watano au kumi, kununua mchele na mafuta ya awamu nzima siku ya kwanza, au kumpa mama nusu ashike.

Simu imebadilisha umbo la fedha yenyewe. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Huduma za akiba na mikopo midogo zilifuata, M-Shwari Kenya mwaka 2012 na M-Pawa Tanzania mwaka 2014, kisha Fuliza ya Kenya mwaka 2019, inayomwezesha mtu kulipa zaidi ya salio lake. Kijana anayelelewa katika huduma hizi haoni noti ikitoka wala chenji ikirudi. Makato ya kutuma na kutoa yanajificha katika ujumbe mfupi ambao wengi hawausomi hadi mwisho, na mkopo unapatikana usiku wa manane bila kumwangalia mtu usoni. Kubeti kumeingia kwa njia hiyohiyo. Sheria za Tanzania na Kenya zinawazuia walio chini ya miaka 18, lakini simu ya kaka au ya rafiki inatosha kuweka mkeka wa shilingi mia chache.

Faida ya simu ni kumbukumbu. Kila muamala una tarehe, saa na kiasi, na mzazi anayeketi na mwanawe mwisho wa mwezi wakapitia orodha ya miamala anarudisha ile hesabu ya chenji iliyokuwa ikidaiwa mlangoni. Baadhi ya benki zimefungua akaunti za vijana, kama Chipukizi ya NMB kwa walio kati ya miaka 13 na 17, ambapo kijana hushika fedha yake chini ya uangalizi wa mzazi. Laini ya simu ya asiyefika miaka 18 husajiliwa na mzazi au mlezi. Upande wa shule, mitaala iliyorekebishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika Januari 2024 imeifanya elimu ya biashara kuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa sekondari wa mkondo wa jumla, na Kenya imeweka ujuzi wa fedha miongoni mwa mambo yanayopenyezwa katika masomo mbalimbali ya mtaala wake wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017. Kwa mitaala hiyo ya Tanzania, kila mwanafunzi wa mkondo wa jumla, awe wa mchepuo wa sayansi au wa lugha, ana kipindi cha fedha katika ratiba yake.